Ngome ya Lugha ni Nyumbani
Mchungaji T. N. Hasselquist, Mlutheri kutoka Uswidi, alihamia Illinois, Marekani, mwaka 1852 kuwahudumia wahamiaji wenzake. Mwaka 1855 aliwaanzishia gazeti la Kiswidi, Hemlandet. Na tangu 1863 hadi alipofariki mwaka 1891 alikiongoza Chuo cha Augustana. Kanisa, gazeti na chuo: ngome gani ilikosekana? Hata hivyo, Hemlandet lilimezwa na gazeti jingine mwaka 1914, na wajukuu wa wahamiaji hao wakakumbatia Kiingereza.

Simlaumu mchungaji huyo. Nasisitiza tu kwamba taasisi huitegemeza lugha, lakini mrithishaji wake ni mzazi. Sisi walimu tunaokisifu Kiswahili darasani, kisha jioni tukawasemeza wanetu Kiingereza kitupu, tunamtarajia nani akirithi?