Maabara Si Kituo cha Kungojea Udaktari

Imekuwa desturi katika shule nyingi nchini kumpima mwanafunzi hodari wa baiolojia na kemia kwa swali moja tu: je, atakuwa daktari? Akijibu kwamba anakwenda chuo kikuu kusomea sayansi za tiba, yaani elimu ya damu, vijidudu na kinga ya mwili, wazazi hunyong'onyea na walimu humpa pole. Husemwa kwamba "amekosa udaktari". Naye, kwa kuaminishwa hivyo, huingia darasani kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake, akingojea basi jingine.

Hiyo ni kasumba, tena ni kasumba yenye kuua watu.

Mwaka 1952 ugonjwa wa homa uliwaangusha wananchi wa uwanda wa Makonde, huko Newala na sehemu za jirani. Jina lake, chikungunya, lilitokana na Kimakonde, kwa jinsi maumivu ya viungo yalivyomkunja mgonjwa. Kwa macho, dalili zilifanana mno na za dengi. Ni maabara iliyotambua kwamba hicho ni kirusi kingine kabisa. Na maabara yenyewe haikuwa Tanganyika, bali Entebbe, Uganda. Mgonjwa alikuwa Newala, lakini mwenye kumjua adui yake alikuwa nchi nyingine.

Hali hiyo ilinganishwe na ile ya Bukoba, mwezi Machi 2023. Watu walishikwa na homa, wakatapika, wakatokwa damu. Safari hii Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii ndiyo iliyothibitisha kwamba ni Marburg. Katika wagonjwa 9 waliohesabiwa, 6 walifariki. Lakini tarehe 2 Juni mwaka huo huo mlipuko ulitangazwa kwisha. Madaktari na wauguzi walipigana vita hivyo kwa ushujaa, lakini aliyewatajia adui jina ni mtaalamu wa maabara.

Wapo watakaodai kwamba vipimo vya haraka vimekwisha kumaliza kazi ya hadubini. Hayo ni maneno ya juu juu. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linaagiza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Kipimo cha haraka kikisema si malaria, je, ni nini? Swali hilo halijibiwi na kipande cha plastiki. Linajibiwa na mtu aliyefundishwa kwa miaka kadhaa namna mwili unavyofanya kazi na namna unavyoharibika.

Wengine watasema kijana hana kosa, kwani heshima na mshahara mnono viko kwa daktari. Hoja hiyo ina ukweli, na ukweli huo ni shtaka juu ya wakubwa wa maofisi, si juu ya maabara. Mkuu wa hospitali anayemwachia mtaalamu wake hadubini mbovu, kisha akamlaumu kwa majibu mabovu, anawadanganya wagonjwa.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikemea elimu inayomfanya msomi ajione bora kuliko jamii iliyomsomesha. Kusomea sayansi za tiba kwa ajili ya kutafuta cheo tu ni ugonjwa ule ule uliovaa koti jeupe.

Basi, mwalimu amwambie mwanafunzi wake ukweli: anayetaka udaktari ausomee kwa haki yake, na anayeingia maabara aingie kama askari, si kama mkimbizi. Ofisa wa wilaya naye akipanga bajeti, asiifanye maabara kuwa makombo ya mezani. Wahenga walionya kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Taifa linalomdharau mchunguzi wa damu litajikuta tena likingoja nchi nyingine ilitajie jina la ugonjwa unaowaua watu wake.