Kijana Anapolilia Mvua

Msomaji, ikiwa mwanao hapati usingizi, chakula hakimshuki na anasema haoni haja ya masomo kwa sababu mvua imeharibika, usimwite mvivu. Wala usije kwangu kumtafutia tembe za usingizi.

Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi kame za Kenya. Mwaka wa 2024 yakaja mafuriko. Kijana wa Machakos ameona mahindi yakikauka na ng'ombe wa karo akiuzwa kwa bei ya kutupa. Huzuni yake ina sababu. Kumwambia "Mungu atajalia" kisha ukaondoka (nami ni mwumini) ni kumfungia mlango. Msikilize kwanza.

Halafu mkalishe na nyanya yake. Wakamba walizipa njaa zao majina. Ile ya 1961 ni ya ndeke, yaani ndege, kwa chakula kilichodondoshwa kutoka angani. Miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliiona Machakos kuwa nchi iliyokwisha kwa mmomonyoko. Matuta, mengi yakichimbwa na vikundi vya mwethya, yaliiokoa. Mpe naye jembe, achimbe pamoja na wenzake. Nimeona likituliza moyo kuliko mawaidha yangu.

Lakini hali ikizidi majuma mawili, mlete hospitalini. Akitaja kufa, mlete siku hiyo hiyo, usimwache peke yake. Nayo dawa ya kunyunyizia mboga, ifungie kwa kufuli.