Ini la mzee, sehemu ya 4: Kabla hamjauza mikarafuu

Leo nasema wazi, atakayenuna anune.

Mzee ini limejaa makovu, tumbo limejaa maji, anatapika damu. Watoto wanakaa kikao: tuuze mikarafuu, apelekwe India akawekwe mrija kwenye ini. Anayeamua ni kaka aliye mbali. Atakayeuguza ni wewe mkamwana, mtoto mgongoni. Na hukuulizwa!

Basi sikia. Mrija ule hautibu ini. Unapitisha damu bila kuchujwa na ini, ili presha ya mishipa ishuke, kutapika damu na maji vipungue. Wapo unaowaokoa kweli, sikatai. Lakini damu isiyochujwa inapandisha sumu kwenye ubongo. Karibu mmoja katika kila watatu huchanganyikiwa baadaye: usiku halali, hata mwanawe anamsahau, wengine hupoteza fahamu. Aliyevuka miaka 65 hatari yake ni kubwa zaidi. Na kama ini limechoka sana au moyo ni dhaifu, mrija unaweza kummaliza.

Kwa hiyo msiulize bei tu. Ini limebakiwa na nguvu gani? Moyo umepimwa? Dawa, kufunga mishipa kwa mpira na kutoa maji vimeshindikana? Akichanganyikiwa nani atakaa naye? Mzee mwenyewe kaulizwa?

Na wewe mwenye kichanga: homa ya ini B ni chanzo kikubwa cha makovu hayo. Chanjo ni wiki ya 6, 10 na 14. Usikose hata moja.