Sura yako si bango la bure

Umesukwa hapa Eldoret, msusi akakuomba picha moja "ya kumbukumbu." Wiki mbili baadaye uko kwenye bango la saluni, bei ya rasta kando ya shavu lako. Marafiki wanakuambia, "Aki umekuwa staa!" Nawe unacheka.

Usicheke. Wenzako wanavuta wateja kwa sura yako na hujanunuliwa hata soda.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 37, inakataza kutumia data ya mtu kibiashara bila idhini yake, na picha yako ni data. Septemba 2023, Kamishna wa Data alitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi Sh1.85 milioni kwa kuanika picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa.

Eti "simu ni yangu, picha ni yangu"? Hakimiliki inaweza kuwa yake. Sura ni yako. Mwambie aitoe. Akikataa, hifadhi ushahidi, peleka malalamiko kwa Kamishna. Hulipi kitu.

Na wewe unayeuza nguo Instagram, uliza mteja kwanza. Kuuliza ni bure.