Mamajusi Walikuwa Watu wa Dini Gani?

Kila ifikapo Krismasi, watoto makanisani huvikwa mataji ya karatasi wakaigiza wafalme watatu waliompelekea Yesu dhahabu, uvumba na manemane. Hatuna ugomvi na mchezo wa watoto. Lakini Injili ya Mathayo, ambayo ndiyo pekee kati ya Injili nne isimuliayo habari hiyo, haisemi kuwa walikuwa wafalme wala haitaji idadi yao. Biblia ya Kiswahili inawaita mamajusi, na jina hilo sisi wa visiwani tuna sababu ya kulielewa kuliko wengi.

Neno Majusi tumelipata kwa Waarabu, nao walilitoa Uajemi. Qurani Tukufu inawataja katika Sura ya Al-Hajj, aya ya 17, pamoja na Wayahudi, Wasabai na Wakristo. Ndio wafuasi wa Zarathustra, wamwabuduo Ahura Mazda.

Je, wageni wa Bethlehemu walikuwa wa dini hiyo? Mathayo hasemi. Zama zake neno la Kigiriki alilolitumia lilikwisha kupanuka, likawachukua hata wapiga ramli na waganga. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 13, Bar-Yesu anaitwa kwa neno lilo hilo, na wafasiri wetu wakaandika mchawi! Tena elimu ya nyota ilivuma zaidi Babeli, na uvumba ni zao la Arabuni ya kusini na Usomali. Hata hivyo, Wakristo wa kale waliwachora kwa mavazi ya Kiajemi, kama waonekanavyo hadi leo katika kanisa moja la karne ya 6 huko Ravenna, Italia. Kwa maoni yetu hoja ya Uajemi ina uzito zaidi, ila isifundishwe kama jambo lililokatwa shauri.

Linalotuudhi ni desturi ya kuwaita Majusi waabudu moto. Waparsi, ambao ni Majusi waliotujia kutoka Bara Hindi, waliishi Unguja na kuwa na nyumba yao ya ibada. Wao husema moto ni alama ya nuru ya Mungu; mtu huuelekea kama Mwislamu aelekeavyo kibla, na hakuna asemaye kwamba Mwislamu anaabudu kibla. Wengi wao waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Mtoto wao mmoja, Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, ndiye Freddie Mercury, ambaye tangu 2019 ana makumbusho yake Shangani.

Ikiwa nyimbo za mtoto zinatuletea wageni, dini ya wazee wake nayo ina haki ya kutajwa kwa usahihi. Tunawaomba wakuu wa elimu waliweke jambo hili katika masomo ya historia, na wenzao wa mambo ya kale wahakikishe kuwa mahali Waparsi walipoabudia na walipozikana pameandikwa katika daftari za Serikali na kulindwa, kabla kiwanja hakijagawiwa mtu.