Diski mpya, foleni ya zamani: Kwa nini Windows imechelewa kuijulia NVMe

Umenunua SSD ya NVMe, fundi kaifunga, laptopu sasa inawaka chapchap. Safi. Ila kuna jambo pengine hukuambiwa: kwa miaka mingi Windows imekuwa ikiiendesha diski hiyo kwa utaratibu wa enzi za diski za kuzunguka.

Ishu ni foleni

Diski za SATA hutumia utaratibu uitwao AHCI, wenye foleni moja tu ya amri 32. Kwa diski ya kuzunguka hiyo inatosha, maana kichwa chake cha kusomea lazima kisogee kutoka sehemu moja hadi nyingine.

NVMe, iliyotoka mwaka 2011, inaruhusu foleni zaidi ya 65,000. Kila kiini cha prosesa kinaweza kuwa na foleni yake, bila kumsubiri mwenzake.

Linux iliwahi. Toleo la 3.13, Januari 2014, lilileta mpangilio mpya wa foleni nyingi. Microsoft nao waliweka draiva ya NVMe kwenye Windows 8.1 mwaka 2013, lakini amri ziliendelea kupitia tabaka la SCSI, teknolojia ya miaka ya 80, kisha kutafsiriwa. Ni kama kujenga barabara ya njia nane halafu ukaacha geti moja.

Geti linafunguliwa

Desemba 2025, Microsoft walitangaza Windows Server 2025 inayoongea na NVMe moja kwa moja. Kwa vipimo vyao wenyewe, kasi ya kusoma data ndogondogo inaweza kupanda hadi karibu asilimia 80 ukilinganisha na Server 2022.

Lakini haijiwashi yenyewe. Msimamizi wa seva ndiye anayeamua kuiwasha.

Kwa nini wanakwenda taratibu hivyo? Kwa sababu programu za bakapu na za kusimamia diski zimezoea mpangilio wa zamani. Programu ya muziki ikikorofisha, unaifungua upya. Tabaka la diski likikorofisha, faili zako ndiyo zinapotea.

Wewe ufanyeje?

Tayari kuna watu wanailazimisha kwenye Windows 11 kwa kubadili rejista. Wengine wamekuta programu zao za diski haziitambui tena SSD.

Kama laptopu hiyo ndiyo ya kazi au chuo, achana nayo kwa sasa. Faida kubwa iko kwenye seva zinazopokea maombi maelfu kwa mpigo. Wewe unayefungua Word na kivinjari, huenda usione tofauti.

Na kama bado una diski ya kuzunguka, kuhamia SSD yoyote, hata ya SATA, utaisikia zaidi kuliko mabadiliko haya yote. Kabla hujalipa, muulize fundi kama tundu la M.2 la laptopu yako linapokea NVMe au SATA pekee. Kwa macho yanafanana.

Na kabla hajagusa chochote, nakili faili zako pembeni.