Mimea na Vidonge vya Kisukari: Kinga ya Mishipa Ithibitishwe Kwanza

Kisukari huharibu mishipa ya damu polepole. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, utando wa ndani wa mshipa hupungukiwa na nitriki oksaidi, gesi inayousaidia mshipa kutanuka. Huko mbele husubiri mshtuko wa moyo, kiharusi, upofu na figo kushindwa kazi. Je, viambato vya mimea vikichanganywa na dawa za hospitali vinaweza kuongeza kinga ya mishipa?

Historia inalipa wazo hili nguvu. Metformini, dawa ya kisukari, ilitokana na uchunguzi wa galejini, kemikali ya mmea wa Galega officinalis. Daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1957. Florizini, iliyopatikana mwaka 1835 kwenye gome la mtufaha, ndiyo chimbuko la empagliflozini, dawa nyingine ya kisukari. Mwaka 2015 dawa hiyo ilionekana kupunguza vifo vya moyo na mishipa kwa 38% miongoni mwa wagonjwa wa kisukari waliokwisha kuwa na maradhi hayo.

Hata hivyo, mimea hiyo haikuingia hospitalini ikiwa majani wala magome. Galejini ilikuwa na sumu, na florizini huvunjwavunjwa utumboni. Zote zilibadilishwa, zikapimwa kipimo kwa kipimo.

Leo macho yapo kwa viambato vya mimea kama beberini na kurkumini ya manjano. Katika maabara, beberini huamsha AMPK, kimeng'enya kilekile kinachoamshwa na metformini, na hivyo kuongeza nitriki oksaidi. Lakini majaribio mengi kwa binadamu ni madogo na mafupi. Hupima sukari na mafuta, si idadi ya viharusi.

Hatari nazo zipo. Beberini huzuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine, zikiwemo baadhi ya dawa za kushusha lehemu. Karela au uwatu pamoja na dawa za kisukari kama glibenklamidi au insulini huweza kushusha sukari kupita kiasi.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na taasisi ya utafiti wa tiba asili Muhimbili. Msingi huo utumike kulinganisha wanaotumia dawa peke yake na wanaoongezewa kiambato kilichopimwa, wakifuatiliwa kwa miaka. Kwa sasa mgonjwa asiache vidonge, na amwambie daktari kila mmea anaotumia. Daktari naye aulize bila kukaripia, kwani mgonjwa aliyekaripiwa huficha, na kinachofichwa hakiwezi kupimwa.